Zipora Haachi Kuimba

Tinde, 6 Machi 1955

Mdogo wangu Bujiku,

Natumaini vumbi la mgodi halijakushinda na kile kikohozi kimekwisha. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Umeliona gazeti? Bwana mmoja ameandika juu ya Zipora, mwimbaji wetu wa dansi pale Shinyanga. Eti sauti yake ni ya kufukuzia ndege shambani, na mtu anayesema “ludi” badala ya “rudi” asipande jukwaani. Marcel, mkuu wa bendi, amesoma akaogopa, akamwondoa. Sisi wanawake tunaompenda tulimwandikia mhariri. Kimya. Lakini hatuachi. Ninyi huko mnasemaje?

Dada yako,
Serafina

Geita, 27 Machi 1955

Dada Serafina, shikamoo.

Kikohozi kimepungua na chakula kipo, mama asihangaike.

Gazeti tumelisoma kambini kwa sauti. Donatus, Mhaya ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka nikakasirika. Nikamwuliza, “Umewahi kumsikia?” Hajawahi. “Sasa unacheka nini?”

Basi tumeazimia aje aimbe hapa, kila mtu asikie mwenyewe. Karani wa mgodi ametupa ukumbi Jumapili inayofuata Pasaka. Wapiga gitaa tunao. Wewe tuletee Zipora.

Mdogo wako,
Bujiku

Tinde, 5 Aprili 1955

Marahaba, Bujiku. Mwanangu alishikwa na homa, sasa anacheza.

Nilimkuta Zipora kwao akipalilia pamba, nikamweleza mwaliko wenu. Hakusimamisha jembe. “Dada, mimi na nyimbo basi. Naliogopa kila neno kabla halijatoka.”

Nikachukua jembe, tukapalilia pamoja mpaka jua likawa kali. Nikamwambia, “Aliyeandika ni mtu mmoja. Sisi tunaokuitikia ni wengi. Mbona unamsikiliza yeye tu?”

Akalia. Kisha akauliza wanawake wa Geita wanavaaje dansini, nikajua anakuja. Nimempa gauni langu la kanisani. Atasafiri na shangazi yake Mageni. Mpokeeni kwa heshima, la sivyo usikanyage kwangu.

Dada yako,
Serafina

Geita, 19 Aprili 1955

Shikamoo dada. Mtoto hajambo?

Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Zipora alipofika kwenye “ludi”, jamaa mmoja nyuma akamwiga. Watu wakaangua kicheko. Zipora akanyamaza, gitaa nalo likanyamaza. Nilikwisha inuka kumfuata yule mtu, Zipora akaninyooshea mkono nikae.

“Aliyeniiga amekosea sauti,” akasema. “Sikiliza tena.”

Akaanza upya bila gitaa. Neno lile lile, dada, akalivuta taratibu mpaka nikasikia mwili unanisisimka. Aliporudia, yule jamaa mwenyewe aliitikia. Donatus alipanda juu ya benchi akidai wimbo uanze tena!

Mdogo wako,
Bujiku

Tinde, 15 Mei 1955

Bujiku, mtoto hajambo kabisa.

Barua yako niliisoma sokoni, wakanitaka niirudie. Habari zikamfikia Marcel. Juzi amekuja na baiskeli, jasho linamtoka, akamwomba Zipora arudi kwenye bendi.

“Kuimba nitaimba,” Zipora akamjibu, “ila nyimbo nachagua mimi, na tunaanzia hapa Tinde.”

Marcel akatazama chini. “Hata ukumbi hapa hakuna.”

“Lipo ghala la pamba. Mavuno bado, ni tupu.”

Amekubali. Gazeti halijaandika lolote, wala hatuliulizi tena. Dansi ni Jumamosi, tarehe 28. Ukipata ruhusa, njoo. Naishia hapa, wenzangu wananiita tukafagie ghala.

Dada yako,
Serafina