Swali Moja kwa Watu Wote

Mpendwa Baba Wakesho,

Umelala huko Mwanda, hunijibu, na hata ulipokuwa hai hukuwa mwepesi wa kujibu. Leo utanisikiliza tu.

Unakumbuka yule mtafiti wa Nairobi alipokuajiri uzunguke Voi ukiwauliza watu kama wanabaguliwa? Nilifuatana nawe kwa sababu akina mama hawakutaka kuzungumza na mwanamume peke yake. Swali lilikuwa lilelile kwa wote: "Umewahi kubaguliwa?" Ulilipenda kwa hilo. "Haki ni kumwuliza kila mtu vilevile," ukaniambia.

Tukaanza na jirani yetu karani, Mtaita mwenzetu. Akasema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza, akatueleza jinsi mkubwa wake alivyompandisha cheo mtu wa bara akamwacha yeye. Ilikuwa kweli, sikatai. Alitukalisha mpaka chai ikapoa.

Kisha tukaenda kwa Mama Mutua, yule Mkamba aliyeuza mboga karibu na stesheni. "Hapana, baba," akasema, "mimi sina neno na mtu." Ukaandika hapana, ukafunika kalamu. Nikaduwaa. Mama Mutua! Kila asubuhi pale bombani watu wetu walikuwa wakilisogeza debe lake nyuma, wakisema wenyeji kwanza. Nikamwuliza mwenyewe, "Mama, wewe huteka maji saa ngapi?" Akacheka. "Wenyewe wakishamaliza. Kwani mimi si mgeni?"

Njiani tuligombana hadi watu wakageuka kututazama. "Amesema hapana," ukashikilia. "Nimtie maneno kinywani?" Nikakwambia karani ameona dhuluma kwa sababu alitarajia haki, huyu hakutarajia chochote. Waulize wote mambo yanayoonekana: nani huhudumiwa mwisho, nani hufukuzwa, nani huitwa kwa kabila lake badala ya jina. Ukaharakisha hatua ukanitangulia. Nilikujua ukifanya hivyo: umekubali, ila hutaki kusema. Loo, ulivyonichosha!

Angalau ulimwendea mtafiti. Akakujibu kwamba maswali hayabadilishwi katikati ya kazi. Basi majibu yakasomwa barazani: wageni hawana malalamiko, wenyeji ndio wanaoonewa. Kwa majibu hayo, bomba la pili, lililokuwa liwekwe upande wa akina Mama Mutua, likaletwa kwetu. Watu wetu wakapiga makofi! Ulisimama ukasema, "Jamani, hatukuwauliza vizuri," wakakuzomea, hata ndugu zako. Siku hiyo nilikupenda kupita siku ya harusi. Mama Mutua akahamia Mraru, na hata akifunga mizigo hakulalamika. Nilitamani kumtikisa mabega.

Sasa nikwambie kwa nini nimeshika kalamu. Tangu tukuzike, ndugu zako wamechukua shamba. Mimi nalima kipande nilichoonyeshwa kwa kidole, na kwenye vikao vya ukoo naitwa wakishakubaliana. Jumapili msichana mmoja kutoka chuoni alikuja kanisani akatuuliza wajane kama tunabaguliwa. Nikaisikia sauti yangu ikisema, "Hapana, mwanangu. Hakuna shida."

Akaandika. Nikatoka nje kwa hasira. Sikuwa na mwingine wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, basi nikageuka nikamrudia. "Futa hilo," nikamwambia. "Niulize nani analima wapi."

Akafuta, akaketi. Nikaongea mpaka mwenye funguo za kanisa akaja kutufungia. Ndugu zako wakisikia watakasirika. Wakasirike.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado sijamaliza.

Mkeo,
Mama Wakesho