Kitanda cha Mpakani

Shemeji Nyamhanga,

Nisamehe naruka salamu. Habari niliyo nayo haikai mdomoni: wodi imefunguliwa. Ile wodi uliyoipigania mpaka watu wakasema umerogwa, ipo, ina paa la bluu na mafeni, na jana nimeingia nikahesabu vitanda mpaka nikapoteza hesabu, nikarudi mlangoni kuanza upya, nikapoteza tena. Nesi akaniuliza namtafuta mgonjwa gani. Nikamwambia simtafuti mgonjwa, natafuta vitanda vinaishia wapi. Akanitoa nje.

Sisi wawili tulikuwa na kitanda kimoja, unakumbuka. Hospitali hii hii ya kanisa, wodi ya wanaume imejaa hadi kwenye korido, watu wametoka mpaka Natta. Mimi nimeanguka na bodaboda, wewe umepigwa teke na maksai wakati wa kulima, na wote tumevunjika mguu wa kulia. Nesi alifurahi kweli kweli. Akatulaza mzungu wa nne, kichwa chako miguuni kwangu, ili kila mguu wenye hogo la plasta ukae ukingoni. Hakujua, au alijua akanyamaza, kwamba mwaka ule ukoo wetu na ukoo wenu walikuwa wanachomeana nyumba kwa sababu ya shamba lililo nyuma ya hospitali hiyo hiyo. Siku mbili hatukusemeshana. Nilizikodolea macho nyayo zako nikiwaza mabaya. Siku ya tatu ukasema, "Mura, we kijana, ukilala unapiga teke. Nimemkimbia maksai nyumbani, wamekuja kunilaza na mwingine." Nilicheka mpaka mguu ukauma.

Dada yangu Ghati alikuwa ananiletea ugali na sato. Kufikia wiki ya pili sahani yako ndiyo iliyokuwa inajaa zaidi. Niliona, nikajifanya sioni.

Ulipomwoa ndipo ukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kwetu na kwenu, ukiomba hospitali ipewe shamba lile ijenge wodi. "Tumeshindwa kuligawana, basi tulilalie," ndivyo ulivyokuwa unasema. Pande zote mbili wakakuita msaliti. Na mwaka jana kifua kilipokubana, hapa vitanda vilikuwa vimejaa, tukaambiwa tukuwahishe Musoma. Hukufika. Hapo siandiki zaidi.

Sasa sikia. Baada ya kukuzika, iliitishwa ritongo, baraza letu la mila, koo zote mbili zikutane pale pale shambani. Katibu wa hospitali alikuja na ramani. Akaeleza kwamba hospitali haina mwenye kugawiwa faida, kinachobaki chote kinarudi kwa wagonjwa, na kwamba bila eneo hili vitanda haviwezi kuongezeka. Wazee wakatikisa vichwa vizuri tu. Nikajua tumeshinda. Ndipo Mzee Marwa wa kwetu, unaujua mdomo wake, akasimama akauliza, "Vitanda vya kwetu ni vingapi, na vya kwao ni vingapi?"

Shemeji, watu walianza kugawana wodi ambayo haijachimbwa hata msingi. Wa kwetu wakae mashariki, wa kwenu magharibi, katikati njia. Mtu wa kwenu akadai upande wenye madirisha mengi. Mwingine akataka upigwe mstari wa rangi sakafuni. Katibu akaanza kuikunja ramani yake taratibu. Vijana nao wakawa wanasimama mmoja mmoja, na unajua vijana wa huku wakisimama inakuwaje. Niliona tunakuzika mara ya pili.

Ghati akanyanyuka na nguo zake za msiba. Hakupandisha sauti alipowaambia wazee. "Tata, mimi nimezaliwa upande huu, nimeolewa upande ule. Mimi mnipe kitanda cha mpakani."

Mara akasimama mke wa Mzee Marwa mwenyewe, binti wa kwenu yule, akasema na yeye anataka cha mpakani. Akafuata mama mmoja aliyekuwa nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Kisha wengine, wa kwetu walioolewa kwenu, wa kwenu walioolewa kwetu, kila mmoja anaomba hicho hicho, hadi wanawake karibu wote wakawa wamesimama. Mzee Marwa alikaa chini bila kuambiwa na mtu. Siku ile ile wakatia dole gumba kwenye karatasi ya katibu, Marwa akiwa wa kwanza ili watu wasahau swali lake haraka.

Na wiki hii, wodi ilipofunguliwa tu, nani kalazwa kwa ngiri? Mzee Marwa. Wamemweka katikati ya watu wawili wa kwenu. Nimemkuta anawasimulia habari za ng'ombe wake kwa kelele mpaka nesi kamkanya. Anatakiwa kuruhusiwa Jumatatu, naye anadai bado anasikia maumivu. Hana maumivu yoyote.

Nina furaha, shemeji, furaha ya kushindwa kula. Ila jana, kabla sijatolewa nje, nilisimama mbele ya kitanda kimoja kilichotandikwa shuka jipya, hakuna mtu. Vingi vyote hivi. Wewe ulihitaji kimoja.

Basi pumzika. Ghati ameanza kucheka kidogo kidogo, na watoto wako nala nao meza moja kila Jumapili. Wakubwa tutakufa na kumbukumbu zetu, lakini hawa watakua, na siku moja watapita nyuma ya hospitali waniulize, mjomba, shamba hili zamani lilikuwa la nani. Nakuahidi, Nyamhanga, sitawaambia.

Mwita