Makofi ya Siri

Kitanga, Septemba 2014

Baba Elieth,

Huku tu wazima. Shamba tumeshalima, tunangoja mvua tu. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Siku ile uliposema redioni, kwenye Bunge la Katiba, kwamba huna chama kilichokutuma na unataka serikali tatu, kaka yako Nathaniel aliinuka akaondoka bila kuaga. Si unajua yeye ndiye mwenyekiti wa kijiji, na chama chake kinataka serikali mbili? Tangu hapo nikifika kisimani nikawasalimia wanawake kwa makofi, kama tulivyozoea Waha, hakuna anayenipigia ya kunijibu. Wote wanashika ndoo zao. Niende wapi, nawe nyumba umeniachia kwenye uwanja wa kaka yako?

Nasikia huko mnagombania kura ya wazi na kura ya siri. Mimi yangu nimeshapiga. Jana nilikusikiliza chumbani, sauti nimeipunguza, na ulipomaliza nikakupigia makofi polepole, mlango nimeufunga.

Mama yako akaniuliza kutoka uani, “Unamsalimia nani humo?”

Nikamwambia naua mbu.

Mkeo,
Yusta