Alipopiga Magoti Njiani

Kasongo, Jumatatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika, ikaanza tena. Sina hamu ya kula wala ya kusema na mtu.

Wamemchukua Feza.

Alitufikia wiki iliyopita kwa miguu kutoka Wamaza, bintiye Malia mgongoni, mkono wa kushoto umevimba. Mumewe ni kapita, msimamizi wa pamba ya Serikali. Wanaochelewa kulima shamba la Serikali huwachapa, na akirudi nyumbani fimbo haiweki chini. Sisi wanawake wachache wa mtaa huu, tunaokutana kwangu kwa maulidi, ndio tunaowaficha wanawake kama Feza. Hakuna aliyetutuma. Waume za wenzangu hujifanya hawajui. Mimi ni mjane, sina wa kumwomba ruhusa.

Leo tulikusudia kumtoa mjini aende kwa kaka yake, mfanyakazi wa reli kule Kindu. Tulimvika shuka kama zetu, tukamfunika uso, tukamfundisha kuitikia salamu za Kiislamu, tukatoka kundi zima kama tunaokwenda hitimani. Malia nilimwacha ndani amelala, nimpeleke baadaye.

Njiani tukamkuta kapita na askari.

"Bibi yangu iko hapa katikati yao," kapita alisema.

Askari akatusalimu, tukaitikia sote, Feza pia. Askari akachoka nasi. "Hawa ni wamama wa musikiti tu. Acha wapite."

Tulikuwa tumeshapita, wallahi. Nyuma yao akaja mzee mmoja akijikokota kwenye tope. Ni baba mzazi wa kapita.

Feza akapiga magoti.

Kwao mwanamke hampiti baba mkwe akiwa amesimama. Hakufikiri, magoti yalikwenda yenyewe. Sisi wa mjini hatupigi magoti barabarani, na katika mafunzo yetu yote hatukuwaza hilo. Mzee naye, kwa mazoea, akamwitikia kwa upole: "Aksanti, mwanangu." Kisha akaelewa alichofanya, akaziba mdomo kwa kiganja. Kapita namchukia. Mzee nimeshindwa kumchukia.

Alipokuwa akivutwa, Feza alinitazama mara moja tu. Hakutaja mtoto, asije akasikiwa.

Nina hasira. Kapita ameondoka naye, pamba inamsubiri, na kumtafuta Malia amemwachia askari ambaye hajawahi kumwona. Kesho atapita nyumba hadi nyumba. Nitasema ni mjukuu wangu. Nikitakiwa kuapa nitaapa, Mungu anihukumu atakavyo.

Lakini mtoto naye ataulizwa. Jioni hii nimemjaribu: mama yako nani? Akajibu "Mama Feza!" kwa sauti kubwa, akicheka, amefurahi kwamba anajua.

Kabla askari hajafika, lazima nimfundishe kumkana mama yake. Amekaa hapa mbele yangu, ananitazama, na mimi sijui nianze na neno gani.