Ngazi za Bwawa Letu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Maganzo tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza uanze na nini kwenye bwawa lako la uani. Babu yako, mpenzi wangu mpaka leo, alinijengea langu tulipooana, tena lenye kona ya maji ya moto! Saruji ilipokauka, mama mkwe akaja kutoka Kishapu, wanakotafuta maji mbali. Niliogopa atatuona wafujaji.

Akalitazama. "Ng'ombe watashukia wapi?"

"Ni la kuogelea sisi, mama."

Akacheka, akavua kandambili. "Basi mimi nitashukia wapi, na magoti haya?"

Nilipumua! Babu yako akajenga ngazi kabla ya kutia maji.

Anza na ngazi, mpenzi.

Bibi yako