Atieno, Mbuzi Wetu Amepita Sokoni

Atieno wangu,

Nakuandikia nikiwa hapa Kware, nimekalia kiti chako. Baada ya mazishi yako nilikwenda Kaloleni kumsalimia mama yako. Akaniuliza, "Ule mchezo wenu wa kompyuta uliishia wapi?" Nikarudi kuuwasha.

Ulikuwa umekwama palepale ulipouacha. Mbuzi wetu anatoroka soko la mbuzi la Kiamaiko, anakimbia vizuri, lakini akifika penye watu wengi picha zinakatikakatika. Kadi inayochora picha ndani ya kompyuta ni ileile kuukuu yetu.

Nikaamua kuongeza kasi ya memori ya kadi. Nilipandisha kidogo, mbuzi akachangamka. Nikapandisha tena, na tena. Ajabu, akazidi kuwa mzito. Kisha kioo kikajaa madoa ya rangi, kompyuta ikazimika. Nililia, Atieno. Mlio wa mbuzi huyo uliutoa kwa kinywa chako mwenyewe tukiurekodi, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Nilidhani sitausikia tena.

Ndipo nikakumbuka ulivyozoea kunigombeza: "Wambui, wacha pupa! Usiangalie kasi pekee. Angalia pia memori inangoja muda gani kabla ya kujibu." Kweli, kadi yetu ikipita kasi fulani hujiongezea muda wa kungoja, kila inapoombwa picha. Unachopata kwa kasi, unakipoteza kwa kungoja. Ukiilazimisha zaidi, inaanza kukosea.

Nikaiwasha tena kompyuta, nikashusha kasi pole pole, nikijaribu kila mara, hadi chini kidogo ya pale kungoja kunaporefuka. Mbuzi akapita katikati ya watu bila kusita. Nikageuka kukuonyesha. Kiti... nilikuwa nimekikalia mimi.

Jumamosi nikampelekea mama yako mchezo. Mbuzi alipolia, akaweka kikombe chini.

"Huyo ni mtoto wangu."

Nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha. Wacha alie."

Akaomba nimwonyeshe pa kubonyeza. Mbuzi aligonga kuta tena na tena, lakini hakuacha mpaka akamtoa sokoni. Halafu akajifunika uso kwa leso.

Pumzika, mwenzangu. Mchezo nitaumalizia, na jina lako litatangulia langu. Nyumbani kwenu nitakuwa nikipita, usiwe na wasiwasi. Jumamosi hiyo, nikiaga mlangoni, nilimwita Mama, si Mama Atieno kama zamani. Akaitika.

Wako,
Wambui