Chungu Kimoja

Mbaha, Ufukweni,
Wilaya ya Nyasa,
Ruvuma.
4 Machi 2024

Mpendwa kaka yangu Ladislaus,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Mnaendeleaje huko Kahama? Mgongo wako bado unakusumbua ukiinama kuchomelea, au ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia? Wifi Tereza presha yake imeshuka? Na Elias ameshazoea shule mpya? Naomba mnijibu yote hayo, msiniandikie "hatujambo" peke yake kama telegramu.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu moyo wangu hauko sawa hata kidogo. Muhogo umeoza shambani kwa mvua, dagaa wetu wa usipa nao wanapatikana lakini hakuna jua la kuwaanika. Hayo ningeyavumilia.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu zipo. Kwanza simu yangu naichajia kwenye sola ya mkwe wangu, na ile simu hata uzime spika watu wa nyumba ya pili wanasikia. Pili, kila nikianza kumtaja mkwe, wewe unakata. Barua huwezi kuikata. Kaa chini, kaka, uisome mpaka mwisho, nakuomba kwa jina la mama yetu.

Ziwa limepanda. Ule mchanga tuliokuwa tunacheza utotoni haupo tena, mitumbwi sasa inafungwa kwenye mlimao wa mama. Nyumba yangu na nyumba ya mwanangu Dorothy zote zimepigwa alama nyekundu, maana yake watu watoke. Ndiyo maana ile Mamlaka ya Makazi Nafuu imejenga nyumba za familia kule juu kilimani. Serikali inabeba gharama kubwa, sisi tunachangia kidogo kidogo kila mwezi. Ni nyumba nzuri, bati jipya, madirisha ya vioo. Sina kinyongo nazo.

Shida ilianzia mdomoni mwangu mwenyewe.

Walipokuja kuandikisha watu, alikuja binti mmoja mpole anaitwa Rosina, ana kompyuta ndogo ya kubofya kwa kidole. Akanikuta nimekaa na Dorothy na wajukuu, majirani nao wamejaa kusikiliza. Akauliza, "Mama, wewe na familia ya binti yako mnakula chungu kimoja?"

Sasa kaka, wewe umezaliwa hapa. Ukiulizwa hivyo mbele za watu utajibu nini? Ukisema "hapana, kila mtu na chungu chake," jioni hiyo hiyo kijiji kizima kinajua Walburga amegombana na mwanawe. Nami mdomo wangu unaujua. Nikapiga na kifua: "Chungu kimoja, mwanangu! Sisi hatujatengana!" Majirani wakapiga vigelegele. Rosina akabofya.

Kumbe kwao chungu ni kaya. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, na kaya moja ni nyumba moja. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nikaandikwa mkuu wa kaya. Nilijua baadaye, walipobandika majina kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Jina langu juu, la Dorothy chini yake, halafu la mumewe, halafu watoto, wote mstari mmoja, nyumba moja. Hee!

Nimekwenda kuiona. Vyumba vinatazamana, jiko limo ndani, na choo, Mungu wangu, choo nacho kimo ndani na mlango wake umeelekea sebuleni. Mimi nitatoka chooni mkwe wangu amekaa kwenye kiti ananitazama? Mtu ambaye tukikutana njiani anaingia majanini mpaka nipite? Jina lake nakuandikia Hamphrey kwa kuwa karatasi haina mdomo. Mdomoni mwangu halijawahi kupita. Na kule kilimani ni marufuku kuongeza hata kibanda cha nyasi nje, wanasema kinaharibu ramani.

Utasema kwa nini hatukusema mapema. Walipoleta hiyo ramani kwenye mkutano wa kijiji waliuliza kama kuna maoni. Wanaume wakaongea habari za bati na bomba la maji. Lakini nani angesimama mkutanoni ataje choo na mkwe wake kwa pamoja? Tukapiga makofi wote.

Nikapanda gari mpaka Mbamba Bay, ofisini kwao. Rosina alinikumbuka, akaniletea kiti na chai. Akaniuliza jina la mwanaume wa nyumba ili anitafute kwenye kompyuta. Nikabaki nimemkodolea macho, jina halitoki. Akaangalia chini, akasema, "Pole mama. Hata mimi Mngoni, habari za mkwe nazijua. Lakini humu hakuna mahali pa kuandika mkwe." Akanieleza kwa upole kabisa. Nikikana chungu kimoja sasa, familia yote inafutwa na kurudi mwisho wa foleni, na nyumba zimeshakwisha. Nikibaki kwa jirani nikawaachia wao, wakaguzi wakikuta mkuu wa kaya halali humo wanahesabu tumeipangisha, wanaichukua.

Nikamuuliza, nikifa je? Akashtuka, akasema hapo jina linahamia kwa Dorothy.

Kaka, njia nzima ya kurudi nililiwaza hilo jibu. Usishtuke, mimi ni Mkristo na watoto hawa nawapenda. Lakini kweli yangu nakwambia wewe, sina mwingine wa kumwambia. Nilikaa dirishani natazama ziwa, nikawa naona wepesi wake, kwamba nikiondoka mimi wote wanapata pa kulala. Nililia mpaka kondakta akaniuliza nimefiwa na nani.

Hamphrey naye nimepata habari zake kupitia kwa Dorothy. Amesema mama akiingia nyumba ile, yeye atavuka kupitia Chiwanda aende kuvua upande wa Msumbiji. Si kwamba ana ubaya. Anaona aibu, kama mimi. Na wewe unajua wanaume wanaovuka kule, wangapi wamerudi? Dorothy hali, amebaki macho tu. Kwa hiyo mwanangu ama apate nyumba akose mume, ama abaki na mume ndani ya maji. Na aliyemfikisha hapo ni mimi na kifua changu.

Wiki iliyopita ukuta wangu wa nyuma ulianguka. Nikueleze ilivyokuwa, labda utamwona huyu kijana kwa jicho jingine. Mchana, mvua inapiga, mimi nimo ndani. Hamphrey akaja akasimama nje, maji yanamfika magotini, amenipa mgongo kama adabu inavyotaka. Kuku wangu alikuwa amepanda juu ya kinu. Akamwambia yule kuku, "Wewe kuku, mwambie mama ukuta umepasuka, atoke sasa hivi."

Nami nikamjibu kuku, nikimwita mkwe kwa jina la mwanawe, "Mwambie baba Urbani naitafuta rozari yangu."

"Kuku! Mwambie mama rozari tutanunua nyingine, atoke!"

Nikatoka na rozari yangu mkononi, na hapo hapo ukuta ukalala juu ya kitanda. Kuku kimya, hajapeleka ujumbe wa mtu yeyote. Ungekuwepo ungecheka, na mimi nilicheka, halafu nikakaa kwenye tope nikalia. Yule kijana alisimama kwenye mvua na mgongo wake mpaka Mama Kilian, jirani yangu, alipokuja kunichukua. Hakuondoka wala hakugeuka. Sasa nalala kwa Mama Kilian.

Kaka, nimefika ninapokwenda. Kwetu kuna kufunguana, kuondoleana huu mwiko wa ukwe, na wewe umeshuhudia. Marehemu baba alivyofunguliwa kwa bibi, mama yake mama, mkwe alileta kuku mweupe amefungwa miguu, mjomba wa binti akamfungua kwa mkono wake, akapikwa, mama mkwe na mkwe wakala sahani moja. Tangu siku hiyo baba na bibi walikaa sebule moja, wakataniana mpaka bibi anakufa. Hakuna padre wala mwenyekiti anayeweza kufanya hivyo. Ni mjomba, na Dorothy hana mjomba mwingine. Mama alituzaa wawili.

Najua ulivyoumia. Hamphrey alimchukua Dorothy bila kukungoja, posa ikapokelewa wewe uko safarini, ukaapa hutakanyaga penye mguu wake. Ulikuwa na haki, sikukatalii. Lakini umenuna vya kutosha sasa, Ladislaus! Unamnunia yeye, na anayelala kwenye maji ni mtoto uliyembeba mgongoni siku ile alipoumwa na nyoka. Nisamehe kwa kukupandishia sauti. Nimechoka, naogopa, na mvua haijakatika tangu asubuhi.

Funguo zinatolewa Jumatatu baada ya Jumapili ya Matawi. Usipofika, nitaweka dole gumba langu na nitaingia, kwa ajili ya wajukuu, nimejifunika kitenge usoni. Na Hamphrey ataondoka siku hiyo hiyo. Njoo kaka. Kama nauli ni tatizo nitauza cherehani. Njoo hata kwa siku moja, ufungue, ule, urudi.

Nisalimie wifi Tereza, mwambie kitenge chake nimekiokoa, hakikulowa. Msalimie Elias, na Beata akipiga simu kutoka chuoni mwambie shangazi anamwombea. Mama mdogo Restituta wa Kingerikiti anakusalimu sana, meno yamemwisha lakini maneno bado. Barua hii nimempa Frederick muuza usipa, ataifikisha Songea na kuiweka kwenye basi.

Mungu akuongoze barabarani, na akulainishe moyo kabla hujafika kituo cha basi.

Ni mimi dada yako pekee, akupendaye,
Walburga

Kaka, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeichana tena. Nimetoka sasa hivi kumwaga maji, nimekuta kitu kwenye kizingiti cha Mama Kilian. Aliyekiweka hakubisha hodi, nimeuona mgongo wake tu ukishuka kuelekea ziwani. Ni kuku mweupe, amefungwa miguu kwa uzi wa nyavu. Nimemfunika kwa kapu asilowe, na nimempa maji. Mimi simfungui, na mwingine yeyote hamfungui. Anakungoja wewe.